Mashine ya boti ya zamani inapogoma: soma dalili kabla ya kushika spana

Mashine za boti za tustroki, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, haziuawi na kazi. Zinauawa na kukaa. Nimefungua mashine za miaka ya 1950 na 1960 nikakuta kuta za silinda zinang'aa, beringi hazina mchezo, meno ya gia yote yapo, na bado hazitaki kuwaka. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta imegeuka gundi, pointi za umeme wa cheche zimeshika utando, impela ya pampu ya maji imekauka na mabawa yake yamebaki yamepinda. Yote hayo yanatibika mezani kwa siku moja. Kisichotibika kirahisi ni boliti iliyokatikia ndani ya aluminiamu kwa sababu ililazimishwa, au ncha ya krankshafti, ile shafti kuu ya injini, iliyofura kwa nyundo, au pistoni iliyotoboka kwa sababu mtu alikaza sindano ya kabureta, ile inayopima petroli, akitafuta mwendo. Ndiyo maana naanza na dalili.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua chochote

Mpangilio wangu ni kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kisha moto (cheche ya plagi), mwisho mafuta. Wengi hukimbilia kabureta kwa sababu iko wazi mbele ya macho. Mimi naiweka mwisho, kwani ukishaigusa umepoteza mahali pa kuanzia: sindano zimehama, boya limeguswa, na sasa hujui kama unapambana na tatizo la jana au ulilolileta leo.

Kwa kompresheni, toa plagi zote, fungua throto mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la plagi, uvute kamba kwa nguvu mpaka mshale uache kupanda. Mara nne au tano zinatosha. Mashine nyingi za enzi hizo zikiwa nzima hutoa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 60 na 90. Za baadaye huvuka 100. Lakini namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda na silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, ile ya chini ina jambo. Usikate tamaa papo hapo. Mara nyingi ringi zimenata kwenye mifereji ya pistoni kwa kaboni na oili iliyokauka. Mimina oili nyepesi inayopenya, iache ilale humo usiku mzima, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini, kwa mkono, upime tena. Mashine nyingine hurudisha psi 10 na zaidi baada ya kufanya kazi nusu saa ya kwanza. Isipopanda, ingiza tochi ndogo kwenye tundu la plagi utazame ukuta wa silinda: mikwaruzo ya wima inasema injini iliwahi kukosa oili au maji, na hapo ndipo kufungua injini kunakuwa na sababu.

Kwa moto, usiridhike na plagi iliyolazwa juu ya chuma. Nafasi ya plagi ni karibu mm 0.75 tu, na hewani cheche hata dhaifu huiruka. Ndani ya silinda yenye mgandamizo hiyo hiyo inakufa. Chukua kipande cha ubao mkavu, pigilia misumari miwili ncha zikitazamana kwa umbali wa mm 6, mmoja uunge na waya wa plagi, mwingine na bodi ya injini. Mashine yenye pointi iliyo nzima itarusha cheche ya buluu yenye mlio wa kukatika. Ya njano isiyo na sauti haikufikishi mbali. Weka ubao huo mbali na matundu ya plagi, maana mvuke wa petroli hutoka humo kila unapovuta kamba.

Kwa mafuta, rudisha plagi, vuta choki, vuta kamba mara kumi, kisha toa plagi uziangalie. Zikiwa kavu, petroli haifiki. Zikiwa zimelowa, inafika lakini haiungui, au imezidi. Umetumia robo saa na umeshajua uelekeo.

Haiwaki na cheche hakuna

Kabla ya kugusa flaiwili, tenganisha waya wa kuzimia. Swichi ya kuzima inafanya kazi kwa kuupeleka umeme kwenye bodi. Ikiingia chumvi au waya wake ukichubuka, mashine inakuwa imezimwa muda wote. Ni kazi ya dakika mbili na imeokoa flaiwili nyingi zisitolewe bure.

Kama bado giza, flaiwili inatoka. Legeza nati yake lakini iache kwenye nyuzi, uso wake ukiwa sawa na ncha ya krankshafti, ili ncha ilindwe. Tumia kivutio kinachofungwa kwa boliti kwenye matundu matatu yaliyotobolewa na mtengenezaji. Kivutio cha makucha kinachoshika ukingo wa nje hupinda flaiwili au kuivunja, na sumaku zilizogongwa hupoteza nguvu. Kaza kivutio, kisha gonga kichwa cha boliti yake pigo moja kavu. Inaruka kwa sauti.

Ndani utakuta pointi, kondensa inayozilinda, na koili inayotengeneza umeme wa cheche. Sehemu hii nataka uisome taratibu, kwa sababu mashine nyingi zinazoitwa mbovu zimekufa hapa, na dawa yake haigharimu kitu. Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Volti inayosukuma umeme kati yao ni ndogo. Miaka ikipita bila kazi, nyuso zake hushika utando mwembamba ambao jicho halioni; pointi zinaonekana safi, nafasi yake ni sahihi, lakini mita ikiwekwa juu yake zikiwa zimefungana haisomi sifuri. Kata kipande cha kadi ngumu, kilowishe kwa spiriti, kibane kati ya pointi, ukivute. Kinatoka na mstari mweusi. Kata kingine, rudia, mpaka kadi itoke nyeupe. Kama kuna vishimo, pitisha kwanza msasa laini sana, kisha rudi kwenye kadi, maana punje moja ya mchanga wa msasa ikibaki pale umerudi mwanzo. Hata pointi mpya kutoka kwenye pakiti zinataka kadi, kwani hupakwa mafuta ya kuzuia kutu.

Nafasi ipimwe pale kamu, kile kivimbe kwenye shafti, inapozisukuma pointi mbali zaidi. Kwa Johnson na Evinrude, chapa za Marekani, za zamani zenye sumaku chini ya flaiwili ni inchi 0.020, yaani mm 0.5. Mashine nyingi ndogo za Japani ziko karibu mm 0.35. Tofauti hiyo ya sehemu ndogo ya milimita inahamisha wakati wa cheche, kwa hiyo tafuta kipimo cha mashine yako hasa.

Ukirudisha flaiwili, futa koni ya krankshafti na tundu la flaiwili mpaka viwe vikavu kabisa. Watu hupaka grisi hapo wakidhani wanasaidia, kumbe kinachoshika ni msuguano wa koni mbili kavu. Ile funguo ndogo ya chuma kati ya krankshafti na flaiwili inapanga mahali tu, haibebi mzigo. Nati ikikazwa kidogo kuliko inavyotakiwa, funguo hukatwa, flaiwili inahama, na mashine inaanza kurudisha kamba kwa teke linaloumiza mkono, au inawaka kwa milipuko ya ovyo. Cheche nzuri, petroli ipo, na bado inapiga teke: tazama funguo hiyo kabla ya kitu kingine.

Inawaka vizuri, ikipata moto inazima

Dalili hii ina baba wawili wanaofanana kama mapacha, na ndiyo iliyonifundisha kuheshimu vipimo. Nilikuwa na mashine ya silinda mbili iliyowaka kwa mvuto mmoja asubuhi, ikaenda dakika kumi na tano bila kasoro, kisha ikaanza kusita, ikazima. Ukisubiri dakika ishirini, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Nilisafisha kabureta mara mbili. Nilibadilisha mpira wa petroli. Siku ya tatu nikaamua kwamba ikizima tu, nitapima pale pale majini kabla haijapoa. Nilitoa waya nikaweka ubao wa misumari: silinda ya juu ilirusha, ya chini haikurusha kitu. Nilipofungua flaiwili, koili ya chini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye gamba lake la plastiki, kuanzia pembeni hadi kwenye kiini. Ikiwa baridi ufa unafungana. Ikipata joto unafunguka, umeme unaruka kwenda kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi.

Baba wa pili ni tangi lisilopumua. Kifuniko chenye tundu la hewa lililozibwa au skrubu yake ikifungwa, pampu inanyonya mpaka tangi linakuwa na mvuto ndani, petroli inaacha kuja, mashine inazima. Ukisubiri, hewa inajipenyeza polepole na mashine inawaka tena. Kuwatofautisha ni rahisi ukiwahi: ikizima, fungua kifuniko cha tangi huku sikio likiwa karibu. Ukisikia pumzi ikiingia kwa nguvu, umempata. Usiposikia, pima moto kabla injini haijapoa. Baada ya nusu saa ushahidi wote umepotea.

Koili za mashine za miaka hiyo zikiwa na nyufa, sipaki gundi, nabadilisha zote mbili. Mpya zikifungwa, visigino vyake vya chuma viwe sawa na vile vituta vilivyochongwa kwenye bamba linaloshika pointi na koili. Visizidi nje, visije vikasuguliwa na sumaku za flaiwili.

Inapiga chafya, au inakata pumzi ukiongeza throto

Kupiga chafya, ile "puh" inayotoka kwenye mdomo wa kabureta, ni njaa ya petroli. Kwenye tustroki njaa ya petroli ni njaa ya oili pia, kwa sababu oili inasafiri ndani ya petroli. Hiki ndicho kitu ambacho nakiogopa kuliko vyote katika mashine hizi. Mchanganyiko uliopungua petroli huifanya mashine ionekane kali na yenye mwendo kwa dakika chache kabla pistoni haijanata.

Jaribio la kwanza lifanyike ikiwa inaenda: mashine ikianza kulegea, kamua ile pampu ya mkono kwenye mpira wa petroli. Ikifufuka, kabureta haina kosa; tatizo liko kati ya tangi na pampu. Tafuta mpira ambao ngozi yake ya ndani imeachana na ya nje ikajifunga kama vali, duara za mpira kwenye viungo zilizokatika zinazoingiza hewa, chujio lililojaa, au kiwambo cha pampu kilichogeuka kigumu. Petroli yenye ethanoli imeharakisha mengi ya haya, kwani mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake.

Tahadhari moja kwa Johnson na Evinrude za miaka ya 1950. Nyingi hazina pampu ya petroli kabisa. Zina mpira wenye njia mbili: moja inapeleka mgandamizo wa hewa kutoka kwenye injini kwenda tangini, nyingine inarudisha petroli iliyosukumwa. Ukiiwekea tangi la kawaida la njia moja haitakwenda, hata ukibadilisha kila kitu. Na tangi lake la asili halitakiwi kuwa na tundu la hewa. Gasketi ya kifuniko ikivuja kidogo tu, petroli haipandi. Kwa kuwa tangi hilo lina petroli chini ya mgandamizo, kagua mipira yake kwa ukali zaidi, na likipumzika fungua kifuniko taratibu.

Kama kukamua hakusaidii, sasa ndiyo zamu ya kabureta. Kabla ya kutoa sindano yoyote, ikaze polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Iguse tu, usiibane. Sindano iliyobanwa huchonga pete kwenye ncha yake na haitarekebishika tena, na ukitaka kujua iwapo aliyekutangulia aliibana, pitisha ukucha kwenye ncha: utahisi ngazi. Vijitundu visafishwe kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu, na panapokataa tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si chuma, kwani chuma hupanua jeti, yaani vijitundu hivyo. Boya la kizibo, lile la gome, lilipakwa vanishi ambayo ethanoli huiyeyusha. Likinywa petroli linazama, kabureta inafurika. Badilisha kwa boya jipya kama lipo. Ukiigeuza kabureta juu chini, boya likae sambamba na ukingo wa chombo chake.

Kuanzia hapo, sindano ya mwendo wa taratibu ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, ya mwendo wa kasi, kama ipo, robo tatu hadi mzunguko mmoja. Rekebisha ya kasi kwanza, boti ikiwa majini na ina mzigo. Ikaze kidogo kidogo mpaka injini ianze kulegea, kisha ifungue mpaka ikae sawa na uongeze kidogo tena. Hicho "kidogo tena" ndiyo bima ya pistoni. Mashine iliyorekebishwa kwenye pipa la maji bila mzigo itakuwa na njaa ukiipeleka majini.

Na oili, kiasi gani? Fuata umri na beringi za mashine, si mazoea. Nyingi za Johnson na Evinrude kuanzia 1964 ni 50:1, yaani ml 200 kwa lita 10 za petroli. Za kabla ya hapo kwa kawaida ni 24:1, karibu ml 420 kwa lita 10, na baadhi ya ndogo zenye bushi badala ya beringi za sindano zilibaki kwenye 24:1 hata baada ya mwaka huo. Zilizo kuukuu zaidi hufika 16:1. British Seagull nyingi za zamani zilitengenezewa 10:1, lita nzima kwa lita 10, na zinatoa moshi ipasavyo. Oili iwe ya boti yenye alama ya TC-W3, kiwango cha oili za tustroki za boti, na si ile ya pikipiki, kwa sababu injini inayopozwa kwa maji inafanya kazi kwenye joto la chini zaidi.

Inazunguka kwa silinda moja

Inatetemeka, haina nguvu, inanuka petroli. Ikiwa inaunguruma taratibu, toa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpira mzuri na uugusishe kwenye bodi, kisha rudisha, kisha wa pili. Ukitoa waya mwendo ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipoona mabadiliko, huyo ndiye mgonjwa. Badilishana plagi kwanza: ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kwa plagi moja. Usipohama, rudi kwenye moto na kompresheni ya silinda hiyo.

Angalia pia rangi. Kahawia ya ngano iliyoungua ni afya. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe yenye vitone vidogo vya kung'aa ni joto kupita kiasi na inataka mashine izimwe leo. Plagi iliyooshwa ikang'aa kama mpya huku mwenzake ina masizi: maji yanaingia silinda hiyo, na gasketi ya kichwa ndiyo ya kushuku kwanza.

Haitulii ikiwa taratibu

Umesafisha kabureta, moto mzuri, lakini mwendo wa taratibu unapanda wenyewe, unashuka, inazima, na sindano haitulizi mpaka uifungue mizunguko mitatu. Kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa. Kwenye tustroki, chemba ya krankshafti ndiyo pampu inayovuta mchanganyiko, na sili (pete ya mpira inayozuia uvujaji) ya juu ya krankshafti iliyokauka inaingiza hewa humo. Mashine ikiwa inaunguruma, dondosha mchanganyiko wa petroli na oili kidogo, kwa bomba la sindano la plastiki la dukani, kwenye maungio ya kabureta na kuzunguka chemba, mbali na waya za plagi. Mlio ukibadilika, umegusa uvujaji. Sili ya juu iko chini ya flaiwili, kwa hiyo huthibitishwa kwa macho: kuna unyevu wa oili umeenea juu ya bamba la pointi.

Kama kabureta inatema ukungu wa petroli kwa nyuma, mpaka uso wake unalowa, tazama vile vibamba vyembamba vya chuma vinavyoruhusu mchanganyiko uingie na kuuzuia kurudi. Vitoe, vielekeze kwenye mwanga. Kilichokatika kona au kilichobaki wazi hakirekebishwi kwa kukipinda. Kibadilishwe.

Inachemka

Kwanza, jua mashine yako ilikuwaje ilipotoka kiwandani. Nyingi za zamani hazina kile kitundu kinachorusha uzi wa maji pembeni. Maji yake hutoka pamoja na moshi, kama manyunyu nyuma ya mguu, ile sehemu ya chini ya mashine inayozama majini. Nimeona watu wamefungua pampu nzima wakitafuta uzi wa maji ambao haukuwahi kuwepo. Kipimo cha kweli ni mkono: baada ya dakika tano, kichwa cha silinda unaweza kukigusa kwa sekunde moja au mbili. Tone la maji likichemka na kuruka juu yake, zima.

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni impela, gurudumu dogo la mpira ndani ya mguu. Mashine ikiwashwa nje ya maji, hata kwa sekunde kadhaa, mpira unajiunguza kwenye bakuli lake. Na mashine iliyokaa miaka, impela yake ina mabawa yaliyopinda upande mmoja, magumu kama plastiki. Ibadilishe bila kujiuliza. Ukikuta bawa limekatika, hesabu vipande mpaka vitimie, kwani kisichopatikana kimepanda juu na kinangoja kuziba njia ya maji kwenye kichwa. Ipake impela mpya sabuni ya maji, shusha bakuli huku ukizungusha shafti kuelekea upande inakozunguka injini, ili mabawa yalale sawa. Kisha hakikisha mrija wa maji umeingia kwenye mpira wake wa juu. Ukikosea hapo, pampu mpya inasukuma maji ndani ya mguu na injini inachemka vile vile.

Impela ikiwa nzima, yanabaki thamostati iliyoganda kwenye mashine zenye nayo, na chumvi iliyojaa kwenye njia za maji.

Injini inalia, boti haiendi

Inapiga mlio mkali lakini boti imesimama: pini ya propela imekatika, kazi yake hasa, ili meno ya gia yapone. Beba mbili akiba na koleo, na usiweke msumari mahali pake, maana msumari mgumu hautakatika na gia ndiyo itakayolipa. Kwenye propela zenye kiini cha mpira, mpira huteleza ukipewa nguvu. Chora mstari wa rangi kuanzia kiini cha ndani hadi ukingo wa nje, nenda majini, rudi utazame. Mstari ukikatika vipande viwili vilivyopishana, propela irudi kwa fundi.

Oili ya giaboksi imekuwa kama maziwa

Maji yameingia. Fungua skrubu ya chini kwanza: maji matupu yakitangulia, uvujaji ni mkubwa, rangi ya maziwa, ni wa polepole. Anza na washa za skrubu zenyewe, ambazo hutakiwa kuwa mpya kila mara, kisha sili ya shafti ya propela. Toa propela utazame: uzi wa kuvulia uliojizungusha pale hukata sili kama kisu. Kujaza ni kutoka tundu la chini, ukisukuma oili mpaka itokee la juu bila mapovu, ukifunga la juu kwanza ndipo uchomoe pampu chini.

Kwenye Johnson na Evinrude nyingi kuna skrubu yenye kichwa cha msalaba karibu na ile ya kutolea oili. Usiiguse. Hiyo inashikilia kiungo cha gia ndani. Ikitoka, mkono wa gia unaanguka na utaufungua mguu mzima kuurudisha. Ya oili ni ile pana yenye mfereji mmoja.

Imezama

Iliyozama ikiwa imezimwa ina nafasi nzuri. Iliyozama ikiwaka usiivute kamba, maana maji hayabanwi na konrodi, mkono unaounga pistoni na krankshafti, huenda imepinda. Toa plagi, zungusha flaiwili kwa vidole, na ukihisi mahali panapokaza, simama hapo. Kama huwezi kuishughulikia mara moja, iache ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi. Inaonekana kama ukatili, lakini kutu inaanza pale hewa inapogusa chuma kilicholowa. Ukiwa tayari, ioshe nje na ndani, toa plagi, ielekeze matundu chini umwage maji, mimina spiriti silinda zote ivute unyevu uliobaki, ikauke, kisha oili. Futa pointi kwa kadi. Mwaga kabureta na tangi lote. Halafu iwashe na uiache ifanye kazi nusu saa kamili, mpaka joto lifike kwenye beringi za ndani kabisa. Isipowaka siku hiyo, ijaze oili silinda na chemba ya krankshafti, izungushe, na uifungue kesho yake asubuhi.